Uzi maalumu: Tuujue mwili wetu kwa Kiswahili, mifumo yake, mahali pa viungo na namna ya kueleza panapouma

Mleta uzi

Wanajukwaa, nawasalimu nyote. Ninafundisha anatomia katika chuo cha afya cha ngazi ya kati, na kabla ya hapo nilihudumia wagonjwa wa nje kwa miaka kadhaa. Nafungua uzi huu kwa sababu karibu kila siku nakutana na mtu anayeujua mwili wake vizuri kwa macho na kwa mikono, lakini akiulizwa panapouma, maneno yanamwishia. Wanafunzi wangu nao, waliosoma Sayansi ya shule ya msingi kwa Kiswahili na kisha Bayolojia ya sekondari kwa Kiingereza, hufika chuoni wakiwa na majina mengi ya kigeni ila hawawezi kumweleza mama aliyekaa mbele yao bandama iko upande gani. Hoja yangu ni kwamba Kiswahili kinayo maneno ya kutosha kuueleza mwili. Tatizo ni kwamba baadhi ya maneno hayo tunayatumia kwa maana zaidi ya moja bila kutahadhari, na mengine mazuri tumeyaacha yasahaulike.

Nianze na mbuzi. Aliyekulia katika nyumba inayochinja wakati wa Idi au wa sherehe yoyote amekwisha kuiona anatomia, hata kama hakuijua kwa jina hilo. Mbuzi anaponing'inizwa kwenye tawi la mwembe na tumbo likapasuliwa, matumbo hutoka kwa pamoja, kwa sababu yameshikwa na utando mwembamba wenye mafuta uliotandaa kama wavu. Baba yangu mdogo alikuwa akiingiza mkono chini ya mbavu na kulivuta ini taratibu, kisha akatulia kabisa, maana hapo chini ya ini palikuwa na kifuko kidogo cha kijani, laini kama puto lenye maji. Alikitoa kwa ncha ya kisu pamoja na kijipande cha ini ili kisipasuke, kwa kuwa kikipasuka, nyama yote inayoguswa na nyongo huwa chungu. Nilikuwa na umri wa miaka kama minane. Niliyoyaona pale niliyakuta tena darasani baadaye: nyongo huhifadhiwa katika kifuko, kifuko hicho kimejificha chini ya ini, na ini lenyewe ndilo linaloitengeneza nyongo hiyo. Mpangilio wa mwanadamu ni huohuo. Tahadhari ni kwamba tumbo la chakula la mbuzi lina vyumba vinne, na letu lina kimoja tu.

Neno anatomia limetoka katika Kigiriki likiwa na maana ya kukata na kufungua, na ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya baba mdogo. Elimu hiyo hueleza kitu kiko wapi na kimeungwaje, wakati fiziolojia hueleza kinafanya kazi gani. Kitu kidogo kabisa kilicho hai mwilini ni seli. Seli za aina moja zikikaa pamoja hufanya tishu, tishu mbalimbali zikiungana hufanya ogani kama ini au figo, na ogani zinazoshirikiana katika kazi moja huitwa mfumo. Kwa kawaida hutajwa mifumo kumi na mmoja: ngozi, mifupa, misuli, fahamu, homoni, mzunguko wa damu, limfu, upumuaji, mmeng'enyo wa chakula, mkojo na uzazi. Naomba msiikariri kama majina ya mikoa, kwa sababu mgawanyo huu umewekwa na walimu kwa ajili ya kufundishia, na mwili wenyewe haukujigawa hivyo. Kongosho, kwa mfano, iko nyuma ya tumbo la chakula na hutoa maji yanayomeng'enya chakula, lakini pia hutoa insulini, homoni inayodhibiti sukari, moja kwa moja katika damu. Hivyo iko katika mfumo wa mmeng'enyo na katika mfumo wa homoni kwa wakati mmoja, na ndiyo maana mtu wa kisukari ambaye tumbo lake halimsumbui hata kidogo huambiwa kwamba tatizo lake linahusu kongosho.

Mleta uzi (sehemu ya pili: kusimama, kulia na kushoto)

Kabla ya kutaja mahali pa kitu chochote, wataalamu duniani kote hukubaliana kwanza kuhusu namna mwili ulivyokaa. Mwili huchukuliwa kuwa umesimama wima, uso unatazama mbele, mikono imeshuka ubavuni, na viganja vimegeuzwa mbele. Mgonjwa akiwa amelala kifudifudi au ameketi, maneno hayabadiliki: kichwa bado kiko juu ya kifua, na mgongo bado uko nyuma.

Kulia na kushoto ni kwa mwenye mwili, si kwa anayemtazama. Kanuni hii inaonekana ya kitoto, lakini nilipokuwa katika mafunzo ya vitendo nilimpokea kijana mwenye jeraha la muundi, yaani mbele ya mguu chini ya goti, akaketi akinielekea, nami nikaandika katika faili lake mguu wa kushoto kwa kuwa ulikuwa upande wa mkono wangu wa kushoto. Jeraha lilikuwa mguu wa kulia. Muuguzi aliyekuwa akiandaa vifaa alisoma faili, akamtazama kijana, akaniita pembeni kwa upole na kunionyesha. Hakuna aliyedhurika, ila tangu siku hiyo siandiki upande wowote bila kuugusa kwanza mwili wa mgonjwa, na wanafunzi wangu nawataka wafanye hivyo.

Baada ya upande huja mwelekeo. Tunayo juu na chini, mbele na nyuma, ambayo hayana utata. Tunayo pia maneno kati na pembeni, ambayo hupimwa kwa mstari wa kufikirika unaoshuka kutoka katikati ya paji la uso, ukapita puani na kitovuni hadi kwenye kinena. Kitu kilicho karibu na mstari huo kiko upande wa kati, na kilicho mbali nao kiko pembeni, na kwa hiyo kidole gumba cha mguu kiko upande wa kati, wakati kidole gumba cha mkono, viganja vikiwa vimegeuzwa mbele, kiko pembeni. Kwa mikono na miguu huongezwa kipimo kingine, yaani karibu na kiwiliwili au mbali nacho: kisugudi, yaani pale mkono unapokunjika katikati, kiko karibu na kiwiliwili kuliko kifundo cha mkono.

Faida yake ionekane kwa mfano wa sindano ya tako. Tukiugawa upande mmoja wa tako katika robo nne, sindano huchomwa katika robo ya juu iliyo pembeni. Neva (yaani uzi wa fahamu) iitwayo siatiki, ambayo ni nene kuliko neva zote mwilini, hupita upande wa chini na wa kati ikielekea nyuma ya paja, na mtoto aliyechomwa mahali pasipo sahihi anaweza kuishia kuburuta mguu. Sentensi hiyo moja ya "juu, pembeni" ndiyo inayomlinda.

Mchangiaji wa pili

Mkuu, ahsante kwa uzi huu. Naomba kuuliza: kwa nini husemi tu mkono na mguu? Umetumia kisugudi na muundi, na vijana wengi hawatakuelewa.

Mleta uzi

Mkuu, umegusa jambo ninalolijali sana. Katika Kiswahili mkono huanza begani na kuishia kwenye ncha za vidole, na mguu huanza kwenye nyonga na kuishia kwenye vidole vilevile. Katika mazungumzo hilo halina ubaya. Lakini mgonjwa akisema mguu umevimba, mimi nahitaji kujua kama ni paja, goti, muundi, kifundo au wayo, kwa sababu vifundo vya miguu yote miwili vikivimba kwa mtu mzima vinanifanya niwaze moyo, figo na ini, na paja moja lililovimba linanifanya niwaze mambo mengine kabisa. Maneno tunayo. Sehemu ya mkono iliyo kati ya kisugudi na kifundo huitwa kigasha, neno zuri lililobaki kwenye kamusi na vinywani mwa wazee. Tazama faida yake: nchini Tanzania chanjo ya kifua kikuu ya mtoto mchanga huchomwa sehemu ya juu ya mkono wa kulia, karibu na bega, wakati nchini Kenya huchomwa kwenye kigasha cha kushoto. Bila neno hilo, unalazimika kusema "mkono, lakini si huku juu, huku chini kidogo", huku ukionyesha kwa kidole.

Mifupa nayo ina majina yake: fuvu, taya, mtulinga kati ya bega na shingo, kidari katikati ya kifua, mbavu jozi 12, na kifandugu mwisho kabisa wa uti wa mgongo. Mtu mzima ana mifupa 206, na mtoto mchanga anayo mingi zaidi kwa kuwa mingine huungana anavyokua. Mama yeyote aliyelea ameligusa jambo hilo kwa kidole chake, maana utosi unaodunda taratibu juu ya kichwa cha mtoto ni nafasi iliyo kati ya mifupa ya fuvu ambayo bado haijakutana. Utosi wa mbele kwa kawaida hufunga kufikia umri wa mwaka mmoja na nusu hivi. Mtoto anayeharisha na utosi wake ukabonyea ndani amepungukiwa maji mwilini, naye apelekwe kituo cha afya bila kusubiri kesho. Pingili za shingo ni saba, na twiga pia anazo saba. Zake ni ndefu tu.

Mchangiaji wa tatu

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Mwalimu wetu alisema ateri hubeba damu safi na vena hubeba damu chafu. Nyumbani bibi anaita vyote mshipa, na babu aliwahi kufanyiwa upasuaji wa mshipa ambao haukuwa wa damu. Nimechanganyikiwa.

Mleta uzi

Mdogo wangu, hujachanganyikiwa peke yako, na swali lako linastahili jibu refu.

Neno mshipa katika Kiswahili cha kila siku hubeba mizigo minne. Kwanza ni njia ya damu. Pili watu huliita hivyo uzi wa fahamu, ambao kitaalamu tunauita neva. Tatu ni ile kamba ngumu inayounganisha msuli na mfupa, ambayo unaweza kuishika nyuma ya kisigino chako na ambayo jina lake ni kano. Nne, na hapa ndipo alipo babu yako, mshipa ni jina la heshima la ngiri au busha, kwa sababu wazee hawapendi kuitaja sehemu hiyo waziwazi mbele ya wajukuu. Ngiri ni utumbo au mafuta ya tumboni yaliyojipenyeza katika sehemu dhaifu ya ukuta wa tumbo, mara nyingi kwenye kinena. Busha ni maji yaliyojaa kuizunguka korodani. Ni vitu viwili tofauti, na matibabu yake hayafanani. Kwa hiyo mtu akikwambia mshipa unamsumbua, muulize kwa adabu ni upi.

Ama kuhusu damu safi na damu chafu, naomba uyaweke kando maneno hayo. Ateri ni mshipa unaoitoa damu moyoni, na vena ni mshipa unaoirudisha moyoni. Kinachoangaliwa ni mwelekeo. Ni kweli kwamba ateri nyingi hubeba damu yenye oksijeni nyingi, lakini ateri inayotoka upande wa kulia wa moyo kwenda kwenye mapafu hubeba damu iliyopungukiwa oksijeni, na vena zinazotoka kwenye mapafu hurudi na damu iliyoshiba oksijeni. Kadhalika katika kitovu cha mtoto aliye tumboni mna mishipa mitatu, ateri mbili na vena moja, na vena hiyo ndiyo inayompelekea mtoto oksijeni kutoka kwenye kondo la nyuma. Ukishika kanuni ya usafi utakosea hapo mara mbili. Ukishika kanuni ya mwelekeo hutakosea.

Njia hiyo ya kupitia mapafu ilielezwa katika karne ya 13 na Ibn al-Nafis, tabibu wa Damascus aliyefariki Cairo mwaka 1288. Alikataa mafundisho ya zamani kwamba damu hupenya katika vitundu vya ukuta ulio kati ya upande wa kulia na wa kushoto wa moyo, akasema kwamba ukuta huo ni mzito na hauna njia, na kwamba damu lazima ipite mapafuni kwanza. William Harvey wa Uingereza alichapisha maelezo ya mzunguko mzima mwaka 1628. Hesabu yenyewe ni rahisi kuifuata: mtu mzima ana damu lita tano hivi, na moyo wake akiwa ametulia husukuma kiasi kama hicho kila dakika, na hiyo ina maana kwamba damu inayopita moyoni sasa hivi itarudi baada ya muda mfupi sana. Haiwezekani iwe inatengenezwa upya kila mara, kama ilivyodhaniwa zamani.

Niongeze mfumo unaosahauliwa mno, nao ni wa limfu. Majimaji yanayovuja kutoka kwenye mishipa midogo ya damu hukusanywa na mishipa mingine myembamba, yakachujwa katika tezi zilizo shingoni, kwapani na kwenye kinena, kisha yakarudishwa katika damu. Ukipata kidonda mguuni na uvimbe ukajitokeza kwenye kinena, wazee huuita mtoki, na mtoki ni tezi za limfu zilizovimba zikipambana na vijidudu vya kidonda kile. Watu wa pwani ya Afrika Mashariki wameujua mfumo huu kwa njia ya maumivu zaidi, kwa sababu minyoo inayoenezwa na mbu huishi ndani ya mishipa ya limfu na kuiharibu, na matokeo yake ni matende na mabusha.

Mchangiaji wa nne

Mama yangu kila akila maharage husema moyo unamuuma, na huonyesha hapa katikati, chini ya kifua. Tumempima moyo mara mbili, tukaambiwa hauna tatizo. Je, anatudanganya?

Mleta uzi

Hapana, ndugu yangu, mama hadanganyi. Anatumia Kiswahili sahihi cha wazee. Pale chini kidogo ya kidari, mahali panapobonyea mbavu zinapoachana, jina lake ni chembe cha moyo. Mtu hulifupisha akasema moyo, na anayesikiliza akaelewa ogani inayodunda. Kwa anatomia, chini ya chembe cha moyo kuna tumbo la chakula na sehemu ya ini. Moyo wenyewe uko juu zaidi, ndani ya kifua, umeinamia kushoto, na ukubwa wake hukaribia ngumi ya mwenyewe. Kati yao kuna kiwambo, msuli mpana uliojikunja kama paa la hema, ambao hutenganisha kifua na tumbo na ndio unaotuvutia pumzi. Moyo umekaa juu ya kiwambo na tumbo liko chini yake, kwa hiyo ni majirani wanaotenganishwa na ukuta mmoja, na neva zao hupeleka habari karibu na mahali pamoja. Ndiyo maana asidi inapopanda kwenye umio, njia ya chakula kutoka kooni, mtu huhisi kifua kinawaka, nasi tunaita kiungulia.

Hata hivyo ujirani huo una hatari yake. Maumivu ya chembe cha moyo yanayokuja ghafla pamoja na jasho jingi, kukosa pumzi, au kusambaa hadi kwenye taya na mkono, hayapaswi kuitwa vidonda vya tumbo na mtu yeyote nyumbani. Yanaweza kuwa ya moyo kweli, na mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyohiyo.

Kwa mama, msaidie aeleze hivi: ligawe tumbo kwa mistari miwili inayokatana kitovuni, mmoja wa wima na mmoja wa mlalo, upate robo nne. Robo ya juu kulia ina ini na kifuko cha nyongo. Ya juu kushoto ina sehemu kubwa ya tumbo la chakula, na nyuma yake chini ya mbavu kuna bandama, ambayo kwa kawaida haigusiki kwa mkono lakini huvimba na kushuka kwa mtu anayeugua malaria mara kwa mara. Ya chini kulia ina kidole tumbo. Ya chini kushoto ina sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Kisha aseme maumivu yalianzia wapi na yako wapi sasa.

Hilo la kuanzia nalisisitiza kwa sababu ya kidole tumbo. Kikianza kuvimba, mgonjwa huhisi maumivu kitovuni, wala si upande wa kulia, kwa kuwa neva za kidole tumbo huingia katika uti wa mgongo kwenye kimo kilekile kinachopokea habari za ngozi ya kitovuni, na ubongo hauwezi kutenganisha. Baada ya saa kadhaa uvimbe ukigusa utando unaofunika ukuta wa tumbo kwa ndani, utando huo una neva zinazojua mahali hasa, na maumivu huhamia chini kulia. Aliyeelezwa hivyo hatakubali kukandwa tumbo wala kunywa dawa ya kumfanya aharishe, mambo yanayoweza kukifanya kipasuke.

Mchangiaji wa tano

Mkuu, mimi ni wa Pwani. Umetumia kisugudi, lakini shuleni tulifundishwa kiwiko. Bibi yangu naye akisema kiwiko anaonyesha hapa panapovaliwa saa. Nani yuko sahihi?

Mleta uzi

Wote wawili, na ndiyo maana nilikikwepa. Kamusi za zamani zinataja kiwiko cha mkono kwa maana ya bibi yako, yaani kifundo, na kiwiko cha mguu kwa kifundo cha mguu. Vitabu vya shule na watu wengi wa bara leo wanakitumia kwa pale mkono unapokunjika katikati. Wenzetu waliwahi kulikabili tatizo kama hili. Mwaka 1895 wanaanatomia walikutana Basel, Uswisi, wakapitisha orodha moja ya majina, kwa sababu sehemu moja ya mwili ilikuwa ikiitwa kwa majina mengi kutoka nchi hadi nchi. Sisi hatujafikia hapo kwa kiwiko. Kwa hiyo katika faili naandika kisugudi kwa pale panapokunjika, na kifundo cha mkono kwa pale panapovaliwa saa. Mgonjwa akinitajia kiwiko, namwomba apaguse kwanza, ndipo naandika.